Almasi Kasoro Atomu Moja

Sonara akiletewa almasi hutafuta ila kwanza. Huliinua jiwe kwa kibano, akafumba jicho moja, akalitazama kwa kioo kinachokuza mara 10. Huwinda nukta nyeusi, ufa mwembamba, ukungu, au umanjano unaojificha pembeni. Kila akipatacho hushusha bei. Jiwe lisilo na kitu cha kuonekana chini ya kioo kile ndilo linaloishia kwenye kijisanduku cha mahameri. Lenye madoa mengi huweza kuishia kwenye meno ya msumeno wa kukatia zege.

Kiswahili kina neno linalobeba yote hayo: kasoro. Na neno lenyewe lina sura mbili. Tunasema jiwe lina kasoro, yaani lina ila. Pia tunasema saa tatu kasoro robo, yaani hesabu haijatimia, kuna kilichopungua. Katika maabara za fizikia za Ujerumani, Uswisi na Marekani wapo watu wanaoitafuta almasi yenye kasoro kwa maana zote mbili kwa mpigo: imepungukiwa atomu moja ya kaboni, na kwa hiyo ina ila. Ila hiyo ndiyo wanayoilipia. Kwayo wanapima nguvu za sumaku ndogo kiasi kwamba vyombo vingine vingi vikikaribishwa pale vitakuwa kama tembo aliyealikwa kunusa ua la mchicha.

Tuanze na jiwe lenyewe. Karati moja ya almasi ina uzito wa gramu 0.2, na ndani yake zimo atomu za kaboni ambazo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 22. Kila atomu imeshikamana na jirani zake wanne, na mshikamano huo ndio unaoifanya almasi kuwa ngumu kuliko mawe yote ya sonara. Sasa ng'oa atomu moja uache tundu. Halafu atomu mojawapo ya jirani iondoe, na mahali pake uweke naitrojeni. Basi, umemaliza. Tundu na naitrojeni vikikaa bega kwa bega hivyo hufanya kitu ambacho wanafizikia wamekipa jina la kituo cha NV. Elektroni zinazobaki pale hazina pa kushika, na tabia zao zinakuwa kama za atomu moja iliyofungiwa ndani ya kioo, peke yake, isisumbuliwe na mtu.

Kasoro hii si ugeni wa juzi, na Afrika haikuwa mbali nayo. Mwaka 1965, L. du Preez aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, akichunguza vituo vya aina hii ndani ya almasi kwa nuru na kwa sumaku. Wakati ule ilikuwa elimu ya mawe tu. Mambo yalibadilika mwaka 1997, pale kundi la watafiti wa Chemnitz, Ujerumani, akiwamo Jörg Wrachtrup, lilipofanikiwa kukiona kituo kimoja, peke yake, katika chumba chenye joto la kawaida, na kuusoma usumaku wake kwa kutazama nuru. Kwa mwanafizikia wa zama zile, kuona kitu kimoja cha kwanta, yaani cha kiwango cha atomu, bila kukigandisha kwanza ilikuwa kama kusikia mtu amevua papa kwenye kisima.

Kinasomwaje? Kwa nuru. Ukikimulika kituo cha NV kwa leza ya kijani, chenyewe hujibu kwa nuru nyekundu. Elektroni zake zina sifa iitwayo spini, ambayo kwa mazungumzo yetu haya tunaweza kuifikiria kama sindano ndogo ya dira. Sindano hii ina hali tatu tu: sifuri, moja chanya, na moja hasi. Ikiwa katika hali ya sifuri, kituo hung'aa vizuri. Ikiwa katika hali mojawapo kati ya mbili nyingine, mng'ao hufifia. Na leza ile ile ya kijani, ikiendelea kumulika kwa muda mfupi, huirudisha sindano kwenye sifuri, tayari kwa swali jingine. Swali lenyewe huulizwa kwa mawimbi ya maikrowevu. Jiko la kupashia chakula hutumia mawimbi ya gigahezi 2.45, kasoro ya almasi huitikia kwenye gigahezi 2.87, si mbali sana. Ukipiga mawimbi ya hapo hasa, sindano hugeuka na nuru nyekundu hufifia.

Fikiria redio ya zamani, ile yenye kitufe cha kuzungusha. Unazungusha polepole, kelele tupu, kelele tupu, halafu ghafla stesheni. Mtafiti huzungusha mawimbi yake vivyo hivyo akiangalia wekundu. Pasipo na sumaku yoyote karibu, atakuta stesheni moja pale 2.87. Akisogeza sumaku, stesheni hupasuka mbili, moja ikipanda, nyingine ikishuka, na umbali kati yao ndio kipimo cha sumaku yenyewe. Uga wa sumaku wa dunia, ule unaogeuza dira ya nahodha, katika eneo letu la Afrika Mashariki una nguvu ya takriban maikrotesla 33. Huo peke yake hutenganisha stesheni hizo mbili kwa umbali usiofika megahezi 2 katika 2,870. Ni kidogo, lakini unapimika bila shida. Na kwa kuwa ndani ya fuwele ya almasi kasoro hizi zinaweza kuelekea pande nne, kipande kimoja chenye kasoro nyingi hukupa nguvu ya uga na pia uelekeo wake, bila kulizungusha jiwe.

Hapo msomaji ana haki ya kuguna. Kama ni kupima uga wa sumaku wa dunia, simu iliyo mfukoni mwako ina kidude kinachofanya kazi hiyo, kikakuonyesha kaskazini. Almasi ya nini?

Jibu liko kwenye umbali, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye mambo yote. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sumaku ndogo hudhoofika kwa ukali wa ajabu kadiri unavyojitenga nayo: ongeza umbali mara mbili, nguvu yake hupungua mara nane; ongeza mara kumi, hupungua mara elfu moja. Elektroni moja ni sumaku. Ukiwa nanomita 10 kutoka kwake, uga wake unaweza kukaribia maikrotesla 2, sehemu ndogo tu ya uga wa dunia lakini kitu cha kupimika kabisa. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000, kwa hiyo nanomita 10 ni jirani wa mlango kwa mlango. Sasa rudi nyuma hadi milimita moja, umbali ambao kidude cha simu yako hakiwezi hata kuukaribia kwa sababu ya ganda la simu tu. Uga wa elektroni ile sasa umepungua mara trilioni elfu moja. Haupo. Kipaza sauti bora kuliko vyote duniani hakitakusaidia kusikia mnong'ono wa Kigoma ukiwa Tanga.

Basi kinachotakiwa ni chombo kidogo kinachoweza kukaa karibu. Vipimo vingine vya sumaku vina usikivu mkubwa sana, na kile kinachotumia waya wa kipitishi kikuu, yaani unaopitisha umeme bila ukinzani, kwa miaka mingi kimekuwa mfalme wao. Lakini vingi vya aina hiyo hudai heliamu ya kimiminika, baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Huwezi kumweka kiumbe hai nanomita 10 kutoka kwenye baridi hiyo akaendelea kuishi. Kasoro ya almasi ina ukubwa wa atomu mbili na inafanya kazi katika joto la chumba, hata la chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Kwa nini almasi, na si kioo au chumvi? Kwa sababu almasi ni nyumba tulivu. Ugumu wake hufanya atomu zisitikisike ovyo kwa joto. Tena karibu asilimia 99 ya kaboni ya kawaida ni ya aina ambayo kiini chake hakina usumaku kabisa. Iliyobaki, asilimia 1.1, ndiyo yenye makelele. Watafiti wa Stuttgart na wenzao, wakitumia almasi iliyochujwa sehemu kubwa ya hiyo asilimia moja, walionyesha mwaka 2009 kwamba sindano ya kasoro inaweza kuendelea kukumbuka uelekeo wake kwa karibu sehemu mbili kati ya elfu moja za sekunde katika joto la chumba. Kwa macho yetu hiyo si kitu. Kwa elektroni ni umri mrefu, na kadiri kumbukumbu inavyodumu ndivyo inavyoweza kusikiliza sauti hafifu zaidi.

Mwaka 2008 ndipo wazo hili lilipotoka kwenye ubao. Katika toleo moja la jarida la Nature, kundi la Mikhail Lukin la Harvard na kundi la Wrachtrup, wakati huo likiwa limehamia Stuttgart, yalionyesha kila moja kwa njia yake kwamba kasoro moja ya almasi inaweza kupima sumaku kwa kipimo cha nanomita. Miaka mitano baadaye, Stuttgart kwa upande mmoja na maabara ya IBM ya Almaden, California, kwa upande mwingine, walifanya jambo linalofanywa na mashine ya MRI hospitalini: kusikiliza viini vya haidrojeni. MRI ya hospitali huhitaji mabilioni kwa mabilioni ya viini hivyo ili itoe nukta moja ya picha. Wale wa Stuttgart walisikiliza sampuli ya mchemraba wenye upande wa takriban nanomita 5. Mwaka 2016 Harvard wakafika kwenye protini moja moja. Mtu aliyewahi kulala ndani ya lile bomba la MRI, akaambiwa asijitikise, anaweza kupima mwenyewe umbali uliopo kati ya kifaa kile na chembe iliyo ndani ya kipande cha almasi.

Kuna kazi mbili za miaka hiyo ninazozipenda kuliko nyingine, na sababu si kwamba ndizo muhimu zaidi. Ya kwanza ni ya bakteria. Wako bakteria wa matopeni wanaojitengenezea mnyororo wa punje za sumaku mwilini mwao, wakautumia kama dira ya kuogelea. Mwaka 2013 kundi la Ronald Walsworth la Harvard liliwaweka bakteria hao, hai, juu ya bapa la almasi, likapiga picha ya uga wa sumaku wa kila mmoja. Dira ikaipima dira.

Ya pili ni ya jiwe lililoanguka kutoka mbinguni. Kimondo cha Semarkona kilianguka India mwaka 1940. Ndani yake mna vijipunje vya mawe vilivyoyeyuka na kuganda kabla dunia haijakamilika kuumbwa, na vilipoganda vilihifadhi alama ya sumaku iliyokuwapo angani wakati ule. Punje hizo ni ndogo, na sumaku yake ni hafifu. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Roger Fu na Benjamin Weiss, wakitumia pamoja na vyombo vingine hadubini ya almasi, waliripoti kwamba uga uliolizunguka jua changa ulikuwa takriban maikrotesla 54, kukiwa na nafasi ya kuzidi au kupungua kwa 21. Yaani si mbali na ule unaogeuza dira ya jahazi leo.

Tuje nyumbani, kwenye damu.

Kipimo cha haraka cha VVU kila mtu anakijua: kijibao cha plastiki, tone la damu, subiri, hesabu mistari. Wasichokijua wengi ni kwamba katika vipimo vingi vya aina hii mstari mwekundu ule ni dhahabu. Ni punje za dhahabu ndogo mno zilizobebeshwa kingamwili; zikinasa mahali pamoja kwa wingi, jicho huona wekundu. Zikinasa chache, jicho halioni kitu, na aliyeambukizwa karibuni hurudi nyumbani na jibu la uongo.

Mwaka 2020, Benjamin Miller, Rachel McKendry na wenzao wa University College London, UCL, waliweka punje za almasi zenye kasoro mahali pa dhahabu. Punje hizo hung'aa nyekundu zikimulikwa kijani, lakini hiyo peke yake haitoshi, kwani karatasi ya kipimo nayo hung'aa ikimulikwa na kuzifunika. Ujanja uko kwenye maikrowevu. Chukua mfano wa Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Ndugu yako yuko upande wa pili, kavaa rangi ile ile ya maelfu ya wenzake. Huwezi kumwona ng'o. Mpigie simu umwambie apunge kitambaa kila ukisema "sasa". Sema sasa, nyamaza, sema sasa, nyamaza. Katika bahari ya watu, mmoja tu anapunga kwa mdundo wako. Watafiti wale waliwasha na kuzima maikrowevu kwa mdundo. Karatasi haikujali, almasi zikafifia na kung'aa kwa mdundo ule ule, na kompyuta ikahesabu zinazopunga tu. Katika majaribio yao ya maabara njia hii ilikuwa na usikivu mkubwa mara 100,000 kuliko ile ya punje za dhahabu. Wakiongeza hatua ya dakika 10 ya kuzalisha nakala za chembe urithi, waliweza kugundua nakala moja tu ya RNA ya VVU.

Halafu malaria. Kimelea cha malaria hula hemoglobini, na mabaki yake yenye madini ya chuma ni sumu kwake, kwa hiyo huyafungia ndani ya vifuwele vidogo viitwavyo hemozoini. Chuma hicho huwa sumaku hafifu kikiwekwa ndani ya uga. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico na wenzao walivipiga picha vifuwele hivyo, kimoja kimoja, juu ya bapa la almasi. Hawakutumia rangi ya maabara wala kemikali ya kutambulishia. Walisoma sumaku ya takataka za mdudu mwenyewe.

Kabla msomaji hajaenda kituo cha afya kuidai almasi yake, niseme wazi kwamba safari ni ndefu. Kasoro inayoweza kusikia nanomita 10 lazima ikae karibu kabisa na uso wa almasi, na uso wa almasi umejaa elektroni zilizopotea njia zinazopiga kelele sikioni mwake. Almasi hupinda nuru kupita kiasi, jambo linaloipa mmeto wa pete, na kwa sababu hiyo hiyo nuru nyekundu nyingi hunaswa ndani isitoke. Kwa kasoro moja, kila swali linapoulizwa wastani wa nuru inayokusanywa haufiki hata chembe moja. Hivyo swali huulizwa mara milioni na zaidi, na jibu hupatikana kwa wastani. Ndiyo maana picha moja inaweza kuchukua saa kadhaa. Na ile sheria ya umbali haimwachi mtu: seli ya mwili ina upana wa maelfu ya nanomita, kwa hiyo kasoro iliyo nje ya seli haisikii kinachosemwa katikati yake. Wauzaji wa neno "kwanta" hawapendi kuyataja haya. Mimi naona ndiyo yanayoifanya kazi hii iheshimike.

Na Mwadui je? Tunaotoka katika nchi ya almasi tuna mazoea ya kudhani kila habari ya almasi ni habari ya mgodi. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aliligundua shimo la Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940, mwaka ule ule kilipoanguka kimondo cha Semarkona. Mwaka 1947 likatoka pale jiwe la waridi la karati 54.5, akapewa Binti Mfalme Elizabeth, likachongwa hadi karati 23.6 na kutiwa kwenye bizimu. Hadithi nzuri, lakini haihusiani na kihisio hiki. Almasi za ardhini zilikaa kwenye joto kali la chini ya ardhi kwa muda mrefu mno, naitrojeni zake nyingi zikatembea na kujikusanya mbili mbili na nne nne, na zilizobaki ni vurugu. Maabara huotesha almasi zake kutoka kwenye gesi ya methani na haidrojeni, tabaka kwa tabaka, kisha huzipiga kwa elektroni ili kufanya matundu, kisha huzipasha zaidi ya nyuzi 800 ili matundu yatembee hadi yakutane na naitrojeni. Kampuni ya Element Six, ya kundi la De Beers, huuza almasi za aina hiyo. Wachimbaji wakubwa wa jana ndio waoteshaji wa leo.

Kwa hiyo mgodi hautupi nafasi yoyote katika elimu hii, na ni vizuri tukalijua hilo mapema. Tulicho nacho ni kitu kingine. Vifaa vya kufundishia kasoro za almasi, vyenye leza ndogo, waya wa maikrowevu na viunzi vilivyochapwa kwa printa ya 3D, vimekwisha kubuniwa na michoro yake kutolewa hadharani. Si mashine za kujaza jengo. Idara za fizikia tunazo. Taasisi za utafiti wa malaria tunazo, na baadhi zina sifa duniani. Wakuu wa pande hizo mbili, tafadhali kaeni meza moja: vifuwele vya hemozoini vya kupimia vimo ndani ya damu inayochunguzwa kila asubuhi kwa hadubini ya kawaida huko Kisumu, Muheza na Ifakara.